Kigoda Ulichokuja Nacho

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kazini Matai. Mlango nimeurudishia, na kila nikisikia viatu nje naifunika karatasi hii kwa faili. Miaka mitatu tangu tukuzike haijanipunguzia woga. Saa nane mchana huu vitukuu wako, pacha wa dada Anna, watacheza ngoma mbele ya wageni wa wilaya. Chini ya meza yangu, kimefungwa kwenye khanga, kipo kigoda chako. Sijui kama nitathubutu kukitoa.

Unaikumbuka siku ya wazazi shuleni kwetu Chala? Mimi nilikuwa darasa la nne, Anna la sita. Ulikuja kwa miguu kutoka kijijini, umevaa kitenge cheupe cha misa, kigoda kichwani. Mama alikuwa amekwambia shuleni kuna mabenchi. Ukamjibu, "Mabenchi yao yamejaa misumari. Mimi nakwenda kukaa, siendi kushonwa." Nilipokuona ukipita na kigoda hicho katikati ya wazazi wa mjini niliona aibu, nikainamisha kichwa usije ukanipungia mkono. Ukapunga hivyo hivyo.

Ngoma tuliyocheza siku ile, ya kukwaruza mdomo wa chungu kwa kigoda, ulitufundisha wewe, uani, jioni baada ya kupura ulezi. Kigoda kikavu, mdomo wa chungu mkavu, mikono isiyo na haraka. Ukikwaruza hivyo chungu kinanguruma mpaka kifuani. Lakini Mwalimu, kwa kutaka tupendeze, alikuwa amevipaka vanishi chungu na kigoda cha shule, vikang'aa kama jeneza jipya. Anna akasukuma kigoda, kikateleza. Akasukuma tena. Kikatoa sauti ya panya. Mimi nilikuwa nimeshainua mguu wa kwanza, nikabaki nao hewani.

"Chungu kina mafua hicho!" mtu akapayuka, na uwanja mzima ukacheka.

Ndipo uliposimama. "Anna! Mmekiogesha mafuta, kitaongeaje?" Ulisema kwa ile sauti yako ya kufukuza nyani shambani. Ukaja mpaka katikati na kigoda chako. Ukakunja magoti na kumpigia Mwalimu makofi ya polepole ya salamu, ingawa alikuwa wa umri wa mwanao wa mwisho. "Samahani Mwalimu, nakuazima cha kukalia." Ukachota mchanga, ukausugua mdomo wa chungu kwa kiganja, ukamwachia Anna kigoda chako, kisha ukarudi mstari wa mbele na kukaa chini, kwenye udongo, miguu umeinyoosha.

Chungu kikanguruma. Nilicheza bila kuona kitu, ila nilikusikia, maana ulihakikisha kila mtu anasikia. Ulikuwa ukimwambia mama mmoja usiyemjua: "Yule anayepiga ni wangu. Yule mwembamba anayeangalia chini ni wangu. Na kigoda nacho ni changu."

Nyumbani Mama alitaka kukukung'uta vumbi. Ukamzuia. "Liache. Jumapili kanisani waniulize limetoka wapi." Na waliuliza, Bibi. Uliwaeleza mmoja mmoja mpaka padri akachungulia kuona kwa nini watu hawaingii.

Sasa sikiliza nilichofanya. Wiki iliyopita mkuu wangu wa kazi aliagiza vifaa vyote vya ngoma vipakwe vanishi, "wageni wasidhani tumevitoa jikoni." Barua ya agizo niliichapa mimi. Nilijua vitakavyokuwa. Nilifungua mdomo kumwambia, na kilichotoka ni, "Sawa, mkuu." Bado niko kwenye miezi ya majaribio, mwenzangu aliyezoea kumsahihisha hakuthibitishwa kazini. Jana nilikwenda mazoezini. Kwa wiki nzima pacha walikuwa wamefanya mazoezi na chungu kikiunguruma vizuri, na sasa, baada ya vanishi, kikawa kinalia chwi, chwi. Yule mdogo akanitazama. "Mama mdogo, tumekosea wapi?"

Nikamwambia, "Hamjakosea. Kesho kitalia." Tangu niseme hivyo sijatulia. Chai ya asubuhi imenishinda. Nimekifungua kigoda na kukifunga tena mara sijui ngapi. Nimeinuka kwenda dirishani, nimerudi, nimeinuka tena. Wanapanga viti uwanjani.

Mkuu amepita hivi punde, ameona khanga. "Kuna nini hapo chini?"

"Kigoda, mkuu. Cha kukalia."

"Binti, viti viko zaidi ya mia!"

"Mabenchi yana misumari," nimesema. Sijui imetokaje. Ameangua kicheko na kwenda zake.

Sikumwambia kuhusu vanishi, Bibi. Hilo nimeshindwa tena. Lakini nitakaa mstari wa mbele, juu ya kigoda chako, na mfukoni nina mchanga nilioufunga kwenye karatasi ya ofisi. Kile chao kikiteleza, nitasimama. Huenda sauti yako ya nyani isinitoke. Nitasimama hata kama niko kimya, nitatembea mpaka katikati, nitakunja magoti mbele yao wote, kisha nitarudi kukaa chini.

Asubuhi nimevaa sketi nyeupe. Udongo wa hapa ni mwekundu, na kesho kutwa ni Jumapili.

Wanaita watu uwanjani. Pumzika, Bibi. Mimi naenda.

Mjukuu wako,
yule mwembamba anayeangalia chini