Malori Yapite kwa Mama

Chumba cha Ushonaji,
Kando ya Barabara Kuu.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti sasa linakuruhusu kupanda ngazi bila kulilaani. Wifi naye vipi, presha imeshuka? Na watoto, bado wanazungumza Kiswahili au wamebaki na "shikamoo" peke yake? Sisi huku miili ni mizima. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona mtu mzima.

Najua Mama ameshakupigia simu. Najua hata alichokwambia, maana uliponipigia ulikuwa unanipimia maneno. Nilitaka kujieleza nikaishia kulia, ukakata. Kwa hiyo naandika.

Unakikumbuka kile kilima nyuma ya kona, tulikokuwa tukiteleza juu ya vipande vya maboksi? Kumbe kimejaa changarawe. Mkandarasi mmoja, sisi tunamwita Bwana Kokoto, aliomba kibali cha kuichimba. Malori yake yangeingilia barabara kuu pale pale konani. Kaka, cherehani yangu inatazama kona ile. Mwaka jana nilimwona muuza maziwa akigongwa, mimi nina pini mdomoni, sikuweza hata kupiga kelele. Na watoto wa shule wanavukia hapo kila siku, wangu akiwemo.

Kamati ya vibali ikaita watu ukumbini ili masharti yapangwe hadharani. Nilikwenda na Mama, tukakaa mbele kabisa. Yeye ndiye aliyenisukuma nisimame, akaninong'oneza nisimeze maneno. Nikasema wachimbe wakitaka, ila konani lisitokee lori hata moja. Watu wakapiga makofi, Mama akiwa wa kwanza.

Mhandisi wa barabara akainamia ramani yake, akasema njia nyingine ipo moja tu: ile ya vumbi ya zamani, inayokwenda kutokea kwenye mzunguko, ambako kila gari hupunguza mwendo.

Unaijua njia ile. Inapita chini ya dirisha la Mama.

Bwana Kokoto akacheka kidogo. "Muulizeni yeye mwenyewe. Si ndiye mwenye uchungu na watoto wa watu? Malori yapite kwa mama yake?"

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpole, hakuipenda kejeli ile, lakini swali lilikuwa limeshatoka. "Unasemaje, dada? Ukikataa, tunarudi kwenye kona, tutaweka vibao vya tahadhari."

Vibao! Kona ile ina vibao tangu sisi tukiwa wadogo.

Nilipaswa kumgeukia Mama. Nyumba ni yake, kifua ni chake, na unajua kinavyombana vumbi likitimka. Sikumgeukia. Niliogopa kwamba nikimtazama nitasema lingine. Nikasema, "Yapite kwa Mama."

Nilisikia kiti kikisukumwa. Mama alijitanda mtandio wake akatoka, watu wakimpisha, bila kunitupia jicho.

Nilibaki mle ndani nikapigania masharti hadi koo likakauka. Malori yafunikwe turubai. Njia imwagiwe maji. Usiku yasipite kabisa. Kwenye nyumba yatembee taratibu, na kuta za Mama zikipata ufa wazijenge wao. Bwana Kokoto alikunja uso kwa kila moja, lakini yote yaliingia kwenye kibali, na nakala yake nikamtuma mwanangu ampelekee Mama.

Tangu siku ile Mama hakusema nami. Nikipeleka chakula anapokea mlangoni, kesho yake bakuli linarudi limeoshwa, salamu hakuna. Majirani wananishukuru barabarani, nami natamani wanyamaze. Nilipomwomba ahamie kwangu alimjibu mwanangu, mimi nimesimama hapo hapo: "Mwambie mama yako mimi si kabati la kuhamishwahamishwa."

Jana malori yakaanza. Sikuweza kushona, nikafunga mlango nikaenda. Nikiwa bado mbali nikaona lori limesimama katikati ya njia, honi inalia, na nyuma yake mengine yamepanga foleni. Nikakimbia, kiatu kimoja kikabaki huko, nikijua kabisa ninayekwenda kumkuta chini.

Nilimkuta amesimama mbele ya lori, mikono kiunoni. Dereva amechomoza kichwa dirishani, anambembeleza.

"Bibi, tupishe basi, tunachelewa."

"Turubai liko wapi?"

"Bibi, tunakwenda hapo tu, si mbali."

"Nimekuuliza turubai. Kibali kinasema mfunike. Kama bosi wako kimemshinda kukisoma, mlete hapa nimsomee."

Dereva akashuka, akapanda juu ya mzigo, akaanza kufunika. Wa nyuma yake nao wakashuka. Mama hakusogea hadi kamba ya mwisho ilipofungwa. Yakapita polepole kama msafara wa harusi. Hata hivyo vumbi lilitimka, Kaka, sitakudanganya. Alikohoa hadi akaegemea ukuta. Nilimshika mgongo, hakunitoa mkono.

Alipopata pumzi akaniuliza, "Hayo maji wanamwaga saa ngapi?"

"Asubuhi na mchana, Mama."

"Basi mchana uwe hapa. Siwezi kusimamisha malori na kukagua maji peke yangu."

Nilikwenda. Leo pia nimekwenda. Hajanisamehe, ila sasa ananituma, na kwa Mama hilo si dogo. Kinachonitia hofu ni kifua. Mpigie, umwambie ahamishie kitanda chumba cha nyuma. Nikisema mimi atakataa, ukisema wewe ataona ni wazo lake.

Nisalimie wifi, na mwanao mkubwa, na yule kitindamimba asiyekubali kulala. Mama mdogo anakusalimu sana, anauliza picha. Mungu akulinde huko uliko, na akupe usingizi usio na honi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponikatia simu.