Picha ya Nyumba Yetu kwa Chaki Laini

Maskati, Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Mimi mwili hauna neno, ni upweke tu unaonikaba. Barua hii atakuletea huko mlimani mwenzangu anayerudi Mombo, maana simu yako ya kitochi haipokei picha, na habari yangu ni ya picha.

Ijumaa ndiyo siku yangu ya kupumzika. Wenye nyumba ninaowafanyia kazi wakitoka, nabaki na kuta. Nimechoka kulala mchana, nikajinunulia boksi la chaki za kuchorea. Usidhani ni zile za ubaoni. Hizi ni laini, ukizigusa tu vidole vimejaa rangi, na unazisambaza kwa kidole kama unavyosiriba ukuta kwa udongo mwekundu kabla ya Idi. Nikajiona fundi tayari.

Nikaanza kuchora nyumba yetu inavyoonekana asubuhi. Nikapaka nyeupe karatasi nzima, maana kwetu ukungu ndio unaotangulia, milima inatokea baadaye. Kila kijani nilichoweka juu kikafifia kama chai iliyozidi maziwa. Nikafuta kwa kitambaa kibichi, ndiyo nikaharibu kabisa. Nililia, mama, kwa ajili ya karatasi.

Ghorofa ya chini yupo dada Mfilipino anayelea watoto, naye anajua kuchora. Alinicheka kwanza, kisha akanielekeza kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza: karatasi iwe ya kukwaruza kidogo, vumbi usipulize bali ulikung'ute, uanze na rangi za giza, nyeupe iwe ya mwisho. Nikamwambia kwetu nyeupe ndiyo ya kwanza.

"Karatasi haijui kwenu ni wapi," akasema.

Nimerudia. Safari hii migomba imetoka, matuta ya kabichi yametoka, na ukungu nimeulaza juu yake taratibu. Aliyenishinda ni mwanangu Mwanaidi. Nataka asimame mlangoni. Nilimwacha kwako akitambaa, leo kwenye simu ananiita shangazi, na wewe ndiye mama. Sikulaumu, umemlea. Lakini inauma.

Nisalimie kaka na shemeji, na mama mdogo mwambie mboga yake ya mshunga naiota.

Mama, msimamishe mtoto mlangoni uone kichwa kinafika wapi, kwenye komeo au bado, halafu unipigie. Nimemwachia nafasi kwenye picha, ila sijui iwe kubwa kiasi gani.

Mwanao,
Zuhura