Mlango wa Mbele Ulikuwa Wazi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imefika pamoja na picha. Huku Kikwe tuko wazima, mama yako anachuma kahawa, na mguu wangu ni ule ule.

Nimelitazama sana hilo jumba la wafalme wa Ujerumani, lenye malaika wa dhahabu darini, ambalo sasa ni ofisi za serikali. Unauliza kama nami nimewahi kuingia jumba la namna hiyo. Niliishia mlangoni.

Karibu na Usa River palikuwa na nyumba kubwa ya mzungu, na baba yangu alikuwa mpishi wake. Baada ya uhuru ikawa ofisi ya serikali. Siku moja baba akaitwa huko kwa kesi ya shamba letu la bondeni, ambalo jirani alilidai, nikamsindikiza. Alivaa koti la kanisani. Akazunguka hadi mlango wa nyuma, kama alivyozoea, akavua kofia, akasubiri.

Mimi niliona watu wakiingia kwa mbele. Lakini kwetu mtoto hamsahihishi baba yake, nikanyamaza.

Saa sita karani akatukuta pale. "Mzee, tumekuita mara tatu. Shamba amepewa mwenzako."

"Asante, bwana," baba akasema.

Katika picha yako umesimama kwenye ngazi za mbele, unacheka. Nimeiweka ndani ya Biblia.

Siku ile, njiani kurudi, baba aliniomba radhi, akasema sote wawili hatukujua kwamba tungeweza kuingia kwa mbele. Alikufa akiamini hivyo.

Bibi yako