Risasi Iliyovuka Kilima

6 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mama hajambo? Magoti yanamruhusu kutembea? Sisi huku wazima kwa kusema tu, maana Jumamosi jioni risasi iliingia jikoni kwangu. Ilipasua dirisha la mbao, ikampitia Chiriku mkononi, ikajizika ukutani. Mwanangu, ambaye hata chooni huimba, hakutoa sauti. Nilimkuta amekaa chini, ameushika mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Daktari anasema mfupa haukuguswa.

Polisi wamemchukua jirani yetu, Fundi Mageti. Jioni ile alikuwa shambani kwake, ng'ambo ya njia, akifukuza nguruwe pori kwa bunduki. Anakiri alipiga risasi moja, eti kuelekea bondeni. Wewe ndiye unayefundisha watu bunduki huko uwanja wa shabaha, nyuma ya kilima. Afande anataka maelezo ya mtaalamu, nikamwambia mtaalamu nimembeba mgongoni. Mwandikie basi. Na uje umwone mpwa wako.

Dada yako


14 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, magoti ndiyo yaleyale. Nimeshtuka mno. Mpe Chiriku pole za mjomba wake.

Afande nimemwandikia. Nimesema bunduki kama ya fundi, kutoka shambani kwake, inafika kwako bila shida. Ni kweli, inafika. Kuja sitaweza kwa sasa, kazi zimenibana.

Mdogo wako


27 Juni

Wee mtoto wa mama,

Hujambo? Nyuzi zimetolewa. Chiriku anakunja vidole vitatu, viwili bado vinagoma. Mlango ukijibamiza anaingia chini ya meza. Kazi gani hiyo ya kukubana wiki zote hizi? Kilima ni kilekile, saa moja kwa miguu.

Barua yako imefanya kazi. Fundi amenyimwa dhamana. Mimi pia nimeandikisha kwamba nilimwona kwa macho yangu akielekeza mtutu huku. Mkewe alikuja kunipigia magoti, sikumfungulia. Mageti yake mawili yamelala uani, hayajapakwa hata rangi. Na yashike kutu.

Dada yako


3 Julai

Dada,

Shikamoo. Sina hali. Soma hii ukiwa peke yako.

Jumamosi ile wanafunzi walikuwa wameondoka, na bendera nyekundu ya kuonya wapita njia nilikuwa nimeshaishusha. Nilikuwa nimefunga darubini kwenye bunduki ya mteja, nikataka kuijaribu kwa risasi moja. Mbao za shabaha nilikuwa nimeshazifungia stoo, nikaona uvivu kuzirudia. Juu ya tuta la udongo la kuzuia risasi kulikuwa na dumu. Nikalilenga hilo, nikafyatua. Kila asubuhi nawapigia watu kelele: tazama kilicho nyuma ya shabaha kabla hujagusa kifyatulio. Nyuma ya dumu lile hakukuwa na udongo, kulikuwa na pengo la kilima na anga. Risasi ikiingia kwenye tuta hulia pu, unaisikia kifuani. Sikusikia kitu. Nikasubiri, nikajiambia imezama, nikaenda kunywa chai.

Barua yako ilipofika nilijua kabla sijamaliza mistari mitatu. Nimerudi pale na darubini. Lile pengo linatazama dirisha lako. Nilimwandikia afande ukweli nusu, na mtu yuko ndani kwa ajili yangu. Silali. Na wewe unasema ulimwona akielekeza mtutu. Dada, hukuweza kuona kitu ambacho hakikuwapo. Nifanyeje?

Mdogo wako


5 Julai

Sikusalimii.

Barua yako nimeichoma. Nimekutukana hadi sauti imekauka, Chiriku akaja kuuliza namgombeza nani. Nikasema paka. Hatuna paka.

Sasa nisikilize. Nyamaza. Mama anakaa kwenye nyumba ya kazi yako, ukifungwa atatolewa kesho yake. Na mimi nimetia saini. Sikumwona. Nilisikia mlio, mengine nikayajaza mwenyewe kwa hasira, na kwa kuyarudia sana nikawa nayaona kweli. Ukisema, mimi ndiye mwongo niliyemfungisha baba wa watu. Labda watamwachia wenyewe. Usiniandikie tena jambo hili.

Dada yako


24 Julai

Mdogo wangu,

Najua askari ataisoma barua hii kabla yako. Asome. Hujambo humo ndani? Mama yuko kwangu, analala na Chiriku. Alisusa chakula siku mbili, leo amekula kidogo.

Nilikuomba unyamaze, ukaenda kituoni vilevile. Nilikukasirikia, na hata sasa sijamaliza.

Fundi aliachiwa Jumanne. Jana alisimama mlangoni kwangu, amekonda, akauliza mkono wa mtoto unaendeleaje. Nikakosa pa kuweka uso. Nikamwambia, "Fundi, mimi sikukuona siku ile."

Akasema, "Najua, Mama Chiriku. Mimi ndiye niliyekuona wewe. Ulikuwa umenipa mgongo, unaanua nguo. Niliwaambia polisi siku ileile."

Nikamuuliza walisemaje.

"Waliniuliza, kwa nini mama wa mtoto aseme uongo?"

Kesho asubuhi naenda kubadilisha maelezo yangu. Huenda wakanibakiza huko. Nimemwonyesha mama dawa za Chiriku zilipo.

Dada yako