Biringanya, Mbwa Wetu wa Miaka Miwili

Mwaka umetimia tangu utuache, Biringanya, na nyumba hii ya Keshero bado haijatulia. Mlango ukigongwa, tunanyamaza kwanza kungoja ubweke. Watu watacheka kuona familia inaandika kumbukumbu ya mbwa. Wacheke, hawakukujua.

Ulikuwa mweusi wa kung'aa, ndiyo maana Daniella, binti yetu, akakupa jina hilo. Ulimsindikiza Mama Laurence, mama wa nyumba, misani, ukamngoja nje hadi baraka ya mwisho. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, uliviiba bila aibu.

Siku ya kwanza ya ugonjwa wako ulianguka kwenye kibonde nyuma ya nyumba, miguu ikitetemeka, povu mdomoni. Mimi Balagizi, baba wa nyumba, ninayeandika haya, nikasema ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua mbuzi na mbwa mabondeni. Nani wa hapa angesema vingine? Nikakunywesha maziwa, nikakuinulia kitanda juu ya mawe, nikajisifu.

Ukaanguka tena, huko huko juu. Ukaanza kuinamisha kichwa na kuzunguka upande wa kushoto tu, ukijigonga kwenye ukuta wa mbao. Daniella akaniambia, "Papa, kama ni mazuku, juu ya nini mbuzi ya jirani haianguke? Huyu iko mugonjwa mu kichwa."

Nikamkatisha, nikaongeza safu nyingine ya mawe.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Ntirenganya, daktari wa wanyama, alipokupima alisema huenda ni uvimbe ndani ya ubongo, kwamba hata mbwa kijana huupata, ila mashine ya kuhakikisha hakuwa nayo. Vidonge vya kifafa vilikupa wiki mbili nzuri. Nikamuuliza, je, tungekuja mapema? Akasema pengine usingepona, lakini usingeteseka vile. Tangu hapo sikai mahali pamoja. Natoka uani, narudi, nakaa, nasimama tena.

Siku ya sindano ya kukupumzisha nilikimbilia barabarani. Daniella ndiye aliyekushika kichwa hadi mwisho, na hajanilaumu hata mara moja. Afadhali angenigombeza.

Biringanya, nilijua si mazuku tangu ulipoanguka mara ya pili. Niliogopa tu kuambiwa ni nini.

Wanaokukumbuka: Daniella, aliyesema kweli, Mama Laurence, na mimi, niliyemnyamazisha. Hatutakusahau maisha yetu yote.