Intaneti Inayokula Shikamoo

Mdogo wangu Shabani,

Nakuandikia kwa kalamu na karatasi kwa sababu nimechoka na mitambo. Karatasi haikatiki katikati ya neno. Utaisoma barua hii kuanzia salamu mpaka jina langu, na hutaweza kusema kuna mahali hukunisikia vizuri. Nimeiacha wazi makusudi. Kama kuna mwingine mwenye mama huku Dar na yeye yuko huko kwenye baridi, naye aisome, huenda ikamhusu.

Huku sote wazima. Mama mzima, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi ya mbele. Shemeji yako Salehe mzima. Duka langu la vifungo na zipu linakwenda, ingawa sasa kila mlango wa pili Kariakoo unauza vifungo na zipu.

Sasa nikuulize. Unakumbuka ulivyokuwa unaamkia watu?

Mama alikuwa akitutuma nazi sokoni, na kutoka mlangoni kwetu Mtaa wa Narung'ombe mpaka sokoni si mbali hata kidogo. Lakini kwenda na wewe ilikuwa adhabu. Ulisimama kwa kila mtu mzima. Shikamoo babu kwa mshona viatu, shikamoo mjomba kwa muuza kahawa, shikamooni kwa wazee wote wa bao, halafu unarudi nyuma kwa sababu mmoja wao alikuwa ameinama na una wasiwasi kwamba hakukusikia. Mama wa vitumbua alikuwa akikuongezea kimoja kwa ajili ya adabu yako. Mimi dada yako nilisimama pembeni na kikapu, siongezewi kitu, nikikuombea upotee.

Siku moja ulimwamkia hata yule mtu wa mbao aliyesimamishwa mbele ya duka la nguo, amevaa suti na kofia, amekupa mgongo. Ukasimama unamsubiri aitikie. Ukaniuliza, "Dada, mbona haitikii? Nimemkosea nini?" Nilicheka mpaka nikaangusha nazi. Wewe ulikuwa karibu kulia, kwa sababu shikamoo isiyoitikiwa ilikuwa inakuuma kweli.

Na nyumbani sheria ilikuwa ile ile. Asubuhi ukipita mbele ya mama bila kumwamkia, huoni chai. Angekutazama tu, kisha aseme, "Kwani tumelala pamoja?" Mimi nimeambiwa hivyo mara nyingi kuliko nywele zangu. Wewe sikumbuki ukiambiwa hata mara moja.

Ndiyo maana ulipoondoka kwenda Uingereza, barua zako zilianza vile zilivyoanza. "Mama, shikamoo." Mama kusoma kwake ni kwa shida, kwa hiyo nilikuwa namsomea mimi. Nikifika kwenye neno hilo ananisimamisha, anaitika, "Marahaba, mwanangu," ndipo niendelee. Barua moja niliisoma mara nyingi mpaka imechanika kwenye mikunjo, na kila nilipoirudia naye aliitika upya.

Halafu mambo yakafunguliwa. Hukuwepo kuona. Duka lile tulilokuwa tukipanga foleni ya sabuni sasa linauza kompyuta kutoka Dubai, zimerundikwa mpaka nje. Kampuni za simu zimekuwa nyingi, kila moja ina mwavuli wake barabarani. Wewe ndiye uliyesema tununue kompyuta, kwamba kuongea kwa intaneti ni rahisi kuliko simu. Tukanunua. Tukachomeka waya wa simu ya mezani. Jumapili baada ya alasiri ikawa siku yako.

Mama alikuwa anajiandaa kama anakwenda harusini. Kanga mpya, wanja, kiti chake kinawekwa mbele ya kompyuta. Nilimwambia mtambo huu hauna jicho, Shabani hakuoni. Akasema, "Leo hauna. Kesho watautia jicho bila kuniambia, nikutwe na matambara."

Nawe ukaja hewani. Ulikuja vipande vipande. "...ma... mnani... huku baridi... eeh?" Mama ananigeukia, "Amesemaje?" Nami namjibu, "Amekuamkia, mama. Intaneti imekata." Sikuwa namdanganya. Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote. Mtoto aliyemwamkia mtu wa mbao asimwamkie mama yake? Kwangu hilo halikuwa jambo la kufikiria. Nilichofikiria ni waya, mvua, kompyuta ya mtumba, kampuni ya simu, kila kitu isipokuwa wewe.

Wiki zikaenda hivyo. Mama si mjinga. Jumapili moja akaniambia, "Intaneti hii mbona inakula shikamoo tu? Alipotaka dagaa na ukwaju nilisikia neno kwa neno. Mpaka akasema dagaa wa Kigoma, si wa Mwanza."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili iliyofuata hakukaa kwenye kiti. Nilimwita, akajibu yuko uani anakuna nazi. Ulipomuulizia nikakwambia anapika. Jumapili nyingine tena, anapika. Nilimfuata uani nikamkuta amekaa tu, mbuzi ya kukunia nazi iko pembeni, nazi hakuna. Akasema, "Mwambie akijua kuniamkia nitakuja." Ndipo nilipoona kwamba mama anakupoteza, na kinachompotezea ni mtambo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nikaapa nitautafutia dawa.

Dawa yenyewe inauzwa, Shabani, tena kwa kelele. Kuna intaneti mpya isiyotumia waya wa simu. Wanakuwekea antena juu ya paa na kazi imekwisha. Kwa mwezi ni karibu mara mbili ya tunachotoa sasa, na antena unailipia mbali. Nikaanza kuuliza watu kama inastahili, na nikagundua kwamba hakuna anayejua anacholipia.

Kampuni wenyewe nilipowaendea, kijana wa mapokezi akaniambia kasi yao ni "hadi mara nne". Nikamuuliza, hadi mara nne ndiyo mara ngapi? Akasema, "Inategemea, mama." Nilifanya biashara ya kitambaa kabla ya vifungo, najua neno hadi linavyofanya kazi. Hadi nusu bei maana yake kitu kimoja dukani ni nusu bei, na kimeshauzwa.

Salehe naye akashika penseli. Akaniuliza duka linahitaji kasi hiyo ya nini. Nikasema halihitaji. Watoto je? Wao watacheza michezo tu. Akaweka penseli chini.

"Kwa hiyo hela yote hii kila mwezi, tunalipia shikamoo?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Tunalipia shikamoo."

Akavaa kofia yake, akaenda msikitini.

Aliyenimaliza ni Jyoti, wa duka la vitambaa mkabala na langu. Ile antena anayo tayari. Ana dada yake huko huko Uingereza, akanialika nikasikilize. Yule dada kabla hata ya kuulizwa yupo akasema, "Jai Shri Krishna," na Jyoti naye akaitikia hapo hapo, bila neno kuanguka njiani. Halafu wakaanza kugombana kuhusu harusi ya mtu, na ugomvi nao ukasikika vizuri sana. Jyoti akaniambia, "Shoga, mimi nikiangalia bili naumwa kichwa. Nikisikia sauti yake kinapona." Nilitoka pale nimeshaamua. Salamu yao imefika, ya kwetu ishindwe ina nini?

Nikalipa. Sitakueleza yote niliyopitia, maana nikikumbuka tu damu inapanda. Walisema watakuja Jumatatu, nikafunga duka kuwasubiri, hawakuja. Wakasema Alhamisi, nikafunga tena. Walipokuja wakapanda juu, wakashuka, wakasema antena haioni mnara wao. Kwa nini haioni? Kwa sababu nyumba ya jirani, ile yenye uwanja mliokuwa mkichezea gololi, imeuzwa na sasa ni ghorofa. Tena bado linaendelea kupanda. Lazima ninunue nguzo ndefu zaidi. Nikanunua nguzo. Fundi akakanyaga bati, bati likatoboka. Nikanunua bati. Salehe alikuwa anahema kwa sauti.

Jumapili ile nilimbembeleza mama tangu asubuhi. Nilimwambia, leo hakuna kitakachomezwa. Akakataa, akakubali, akakataa, mwisho akaenda kuvaa. Kanga mpya, na wanja. Akakaa kwenye kiti amenyooka, mikono juu ya mapaja.

Ukaja hewani, Shabani. Wallahi ulikuwa kama uko chumba cha pili. Nilisikia birika lako likichemka. Nilisikia ukivuta kiti. Nilitaka kulia kwa furaha, nikamtazama mama kumwonyesha kwamba umeona, umeona?

Ukasema, "Niaje, mama, mambo vipi? Duh, leo mko klia kinoma."

Nikangoja. Mama akangoja. Nilitazama kompyuta kana kwamba kuna neno limekwama ndani na litadondoka muda wowote. Hakikudondoka kitu. Nilichosikia ni wewe ukitafuna.

"Haloo? Mama? Mnanisikia?"

Zamani ningesema intaneti imekata. Siku hiyo sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimelipa ili nisiwe nalo.

Mama akasogea mbele kidogo, akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu."

Na wewe ukauliza, "Eeh? Umesemaje?" Kisha ukaanza kueleza kwamba ule ukwaju uliisha.

Aliongea nawe vizuri, hutakuwa umegundua chochote. Alikuuliza kama unakula, akakuuliza kama umepata makoti mazito, akacheka pale ulipotaka acheke. Tulipozima akabaki amekaa. Nilianza kusema kitu, kwamba watu wa huko hawaamkiani, kwamba neno usipolitumia kila siku ulimi unalisahau. Akanikatiza kwa upole.

"Rudisha ile ya zamani," akasema.

"Mama, hii ndiyo nzuri. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Rudisha ile ya zamani. Ile nilikuwa naigombeza bure, kumbe ilikuwa inamstiri mwanangu."

Akaenda kuvua kanga.

Nimekasirika nawe, Shabani. Nimekaa na hasira hii wiki nzima nikauza zipu vibaya. Na sina hasira ya neno tu. Najua huko hakuna wazee wa bao, hakuna wa kukukumbusha, na huenda unamkuta bosi wako anakuita kwa jina na wewe unamwita kwa jina lake na maisha yanakwenda. Sikulaumu kwa hilo. Ninachokasirikia ni kwamba mwanamke yule aliketi Jumapili ngapi amejipamba akingoja kitu ambacho wewe hukukituma, na mimi nilikuwa nagombana na kampuni za simu kwa niaba yako. Nimekuwa wakili wako kwa bidii, na mteja wangu hana kesi.

Na nimekukumbuka. Hilo nalo niliseme. Nimemkumbuka yule mtoto niliyekuwa namwombea apotee njiani.

Kampuni wamenipa mpaka mwisho wa mwezi huu kusema kama naendelea. Salehe anasema turudi kwenye waya wa simu, akiba ni akiba. Mama kila akipita mbele ya kompyuta ananiuliza kama nimeshawaambia. Wote wawili wana hoja, na nikihesabu kwa akili ya dukani, intaneti hii haistahili bei yake. Duka haliihitaji, watoto wataharibika nayo, bati limetoboka.

Nimewaambia kampuni tunaendelea. Nimelipa na mwezi ujao. Mama sijamwambia. Sitamrudishia ile ya zamani, kwa sababu sitaki mama yangu akusamehe kwa kutokusikia. Akitaka kukusamehe akusamehe anakusikia.

Barua hii ikikufikia, Jumapili inayofuata baada ya alasiri nitamweka kwenye kiti chake, hata kama ni kwa kumbeba. Atakuwa amevaa. Nguzo ni ndefu, antena inaona mnara, ghorofa la jirani bado halijatufikia. Usianze kwa kuuliza kama tunakusikia. Tunakusikia.

Ni mimi dada yako, ambaye naye bado hujamwamkia,

Mwanaidi