Milango Tisa ya Averuni

Talaso, binti yangu,

Barua hii haina pa kupelekwa. Nimewafundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini kwamba barua huwa na anwani, tarehe na mtu wa kuipokea, na leo naandika isiyo na hata kimoja. Siwezi kukaa nisiandike. Tangu wiki mbili zilizopita situlii. Mama yako anasema nimekuwa kama mbuzi aliyefungiwa chumbani. Naanza chai, naiacha. Natoka hapa Wabera kwa miguu hadi duka lako la Kiwanjani, nasimama mlangoni, narudi. Nikifika nyumbani sikumbuki nilikwenda kufanya nini.

Kwanza nikupe habari. Cherehani yako tumeifunika kwa leso yako ya kijani na mama yako hataki iguswe. Nguo ulizoacha bila kumaliza zilimaliziwa na fundi jirani yako, zote zimewafikia wenyewe. Ule upepo wa vumbi uliokunyima pumzi umekwisha, mvua imenyesha mara mbili. Simu yako naichaji kila asubuhi. Na ule mji wako bado haujatoka.

Mara ya kwanza uliponitajia Averuni nilidhani ni mji wa Italia. Ukacheka. "Aba, haupo. Uko ndani ya gemu. Na gemu yenyewe bado haijatoka." Nikakuuliza mtu mzima wa miaka ishirini na sita anabishanaje kuhusu mji usiokuwapo, ndani ya mchezo usiokuwapo. Ukanijibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Na wewe Aba hujafika Nairobi tangu nizaliwe, na kila siku unabishana kuhusu Bunge." Sikukusemesha kwa siku mbili.

Siku ya tatu nikaomba unionyeshe. Ilikuwa video ya dakika moja na nusu tu, hiyo mnayoiita trela. Mji wa mawe ya manjano juu ya kilima, hakuna mto, hakuna mti. Ukuta una milango tisa, kila mmoja na bendera yake. Kila inapopigwa picha, mlango mmoja tu uko wazi, na si uleule. Kwa dakika hiyo moja na nusu ninyi mlikuwa mkibishana kwa miaka miwili, watu wa Garissa, wa Nakuru, wa Mombasa, kundi zima la simu. Huyu aseme milango imefungwa kwa sababu ya tauni. Yule aseme ni vita. Mwingine aseme mfalme ana wazimu. Ulinisomea hoja zenu nami nikawa nasahihisha upatanisho wa ngeli, kwa maana hilo ndilo nililoweza kulifanya.

Hapo ndipo ulipoanza kuniletea maandishi yako kabla ya kuyatuma. Sikukuambia wakati huo, nakuambia sasa: nilikuwa nikiisubiri saa ile. Unafunga duka, unakuja, unavua viatu, unasema "Aba, kalamu nyekundu", hata kama kalamu yenyewe haipo.

Kisha ikaja siku ile uliponiuliza swali. Ulisema, "Aba, ni wapi watu hupokezana mlango, leo huu, kesho ule?" Nikakusimulia visima vya babu yako. Nilikuambia kwamba kisima kirefu cha Waborana kina msimamizi wa zamu, aba herega. Huyo hana ng'ombe wengi wala silaha. Ana fimbo na kumbukumbu. Yeye ndiye asemaye leo nani ataanza kunywesha na kesho nani, na hata tajiri mwenye mifugo mia humsubiri, kwa sababu akiharibu zamu ameharibu kisima. Uliruka kitini. "Yule mzee wa fimbo!" Ukanionyesha: katika ile video, mzee mwenye fimbo hupita karibu na mlango ulio wazi kwa muda wa kupepesa jicho, na kundi zima lilidhani ni ombaomba. "Aba, huu si mji wa mfalme. Huu ni mji wa kisima. Kisima kiko katikati, na mwenye mji ni huyu mzee."

Sikukuuliza swali lile la milango umelipata wapi. Mwalimu mzima, sikuuliza.

Nimetoka nje kidogo. Nimerudi.

Usiku ule wa swali lako uliituma hoja yako kwenye kundi. Kesho yake mtu wa kundi lenu aliyejiita Chui wa Maua aliandika ujumbe mrefu: milango hufunguliwa kwa zamu, tazameni vivuli, tazameni nyayo za wanyama. Ulikuja mbio, mtandio begani. "Ameniibia! Ameniibia, Aba!" Ulikuwa umeandika mstari mmoja tu: wewe Chui ni mwizi, hii ni aidia yangu, achana nayo. Nikakuambia kesi haisemwi hivyo. Nikakaa, nikakupangia aya tatu. Kila kosa lake la lugha nikaliweka wazi, na mwisho nikatia sentensi ambayo, Mungu anisamehe, niliirudia rudia peke yangu kwa kuipenda: "Fisi hata akivaa ngozi ya chui, harufu humtangulia."

Kundi lilicheka wiki nzima. Wakaanza kumwita Fisi. Akijibu, wanacheka. Akinyamaza, wanacheka. Mwishowe wakamtoa, na wewe ukaizuia namba yake. Mama yako akatukaangia mahamri, tukanywa chai kama watu waliorudisha mifugo iliyoporwa.

Siku ya kukuzika, kabla watu hawajatawanyika, mjomba wako alisimama akasema kama ilivyo desturi: aliyekosewa na marehemu amsamehe kwa ajili ya Mungu. Watu wakajibu kwa sauti moja, "Tumesamehe." Niliwatazama wateja wako, majirani zako, wanafunzi wangu wa zamani, nikaridhika. Nikasema moyoni, mtoto wangu ameondoka mwepesi.

Wiki mbili zilizopita nilifungua daftari lako la vipimo nione kama kuna nguo ya mtu iliyosahauliwa. Baada ya kifua, kiuno na mikono ya wateja, kurasa za nyuma zote ni Averuni. Na katika ukurasa mmoja, kwa mwandiko wako wa haraka: "Chui anasema milango inafunguliwa kwa zamu. Angalia vivuli. Ni kweli!! Muulize Aba."

Nilipekua simu yako, nikaupata ujumbe wenyewe. Siku mbili kabla ya ule ugomvi, Chui aliandika mstari mmoja ambao ulizama chini ya vichekesho vya wenzenu. Hakuna aliyemjibu. Ila kulikuwa na alama moja ya dole gumba chini yake, Talaso, nayo ilikuwa yako.

Sisemi ulidanganya. Nakujua. Kisima kilikujaa kichwani hata ukasahau uliingilia mlango wa nani. Lakini yule mtu hakuwapo makaburini. Hakuna aliyemuuliza kama amesamehe.

Sasa usikie lililonizidi. Zeituni wa Garissa, kiongozi wa kundi lenu, aliniandikia humo kundini: "Asalaam aleikum, mzee. Trela mpya inatoka mwezi ujao. Kabla haijatoka tunataka tuitafsiri kazi ya dada yetu kwa Kiingereza tuipeleke kwa kundi kubwa la dunia nzima. Itaitwa Nadharia ya Talaso. Tutumie picha yake nzuri." Watu wakamiminika chini yake na mioyo na dua. Mmoja akaandika, "Talaso ni mnoma, hata akiwa huko juu." Sikulisahihisha neno hilo, ambalo kwenu ni sifa. Nililia.

Nikipeleka picha, jina lako linakwenda duniani limebeba kitu cha mtu. Nikisema ukweli, nakuvua mwenyewe heshima ya pekee ambayo watu wasiokujua sura walikupa. Nilizunguka na jambo hilo siku tisa. Nilichagua picha, nikaificha. Niliandika ujumbe, nikaufuta. Nilijiambia mchezo ni mchezo, mji haupo, milango haipo, basi kosa nalo halipo. Halafu namwona yule mtu akiitwa Fisi.

Mama yako ndiye aliyekata shauri. Alinikuta nimesimama uani na kiatu kimoja. Akasema, "Mtoto amepumzika. Anayehangaika ni wewe. Basi peleka mahangaiko yako kwa mwenyewe."

Nikaifungua namba uliyoizuia, nikapiga. Ilipokea sauti ya mwanamke. Nikadhani nimekosea.

"Namtafuta Chui," nikasema.

"Ni mimi. Wewe nani?"

"Baba yake Talaso."

"Yule msichana aliniita mwizi?"

"Ndiye. Amefariki."

"Woi." Nikasikia kelele za watu na magari. "Uko wapi, mzee?"

"Isiolo. Wabera."

"Hata mimi niko Isiolo. Niko hapa kwa miraa tangu asubuhi."

Talaso, Chui ni mama wa watoto watatu. Anaitwa Karimi. Kila asubuhi hushuka kutoka Maua na miraa, na hukaa hapo sokoni, mwendo wa dakika kumi kutoka cherehani yako. Mlitukanana kutoka mtaa mmoja.

Unajua mimi na miraa. Nimewafukuza watu wazima kwenye mikutano ya wazazi kwa kutafuna. Nilipotokea pale na kofia yangu ya Ijumaa, wauza miraa waliinuka kwa furaha. "Mwalimu! Kumbe leo pia wewe?" "Mpeni Mwalimu ile laini, meno yamezeeka!" Nilipita kati yao nikiwa nimeinamisha kichwa, nikauliza kwa Karimi ni wapi. Alikuwa ameketi juu ya gunia, na sweta na kofia ya sufu katika jua lile, akifunga vitita kwa majani ya ndizi.

Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi. Nikamfungulia daftari lako. Akasoma ukurasa ule polepole, mdomo ukitembea. Nikamwambia lote: mstari wake, alama yako ya dole gumba, na makaburi. Nikamwomba akusamehe.

Akasema, "Huyo nimesamehe. Nimesamehe kabisa, alale. Mtoto ni mtoto." Akafunga kitita kimoja, akakiweka chini. "Lakini ile barua ya fisi haikuwa ya mtoto. Nilijua kuna mtu mzima hapo ndani. Mtoto angesema 'wewe mwizi', nimtukane, iishe. Hiyo ilikuwa imepigwa pasi."

Nikasema, "Ilikuwa yangu."

"Najua ni yako. Vile unaongea tu, nimejua." Hakuinua sauti. "Mwalimu, mimi hapa naongea bei kutoka asubuhi mpaka jioni. Ngapi, punguza, ongeza. Ile kundi ndio mahali pekee nilikuwa nasema kitu si bei. Mkanitoa. Nikabaki na bei."

Nilimuuliza nifanye nini nipate radhi yake mimi. Akasema, "Wewe bado. Wewe kwanza enda uwaambie, na jina lako. Na usiandike vizuri. Andika kama watu."

Nilirudi nyumbani, nikaandika ujumbe kwenye kundi lenu kwa simu yako, mstari kwa mstari kama ulivyokuja: Mimi ni baba yake Talaso. Zamu ya milango aliiona Chui kwanza. Daftari la Talaso linasema hivyo na picha ya ukurasa ni hii. Maneno ya fisi niliyaandika mimi. Mrudisheni. Kulikuwa na makosa mawili ya herufi. Niliyaona, nikaupeleka.

Ikawa kama nimetupa jiwe bandani kwa kuku. "Mzee, kwa nini sasa?" "Si ungeacha tu dada apumzike?" Zeituni hakusema neno kwa siku nzima. Hiyo siku ilikuwa mbaya, Talaso. Niliona nimekuzika mara ya pili, na safari hii bila watu.

Kisha Zeituni akamrudisha Karimi. Naye Karimi hakuwakemea wala hakushangilia. Aliandika hivi tu: "Milango niliona mimi. Kisima aliona Talaso. Bila kisima, milango ni milango tu. Andikeni sisi wawili, na yeye awe wa kwanza." Mmoja mmoja wakaanza kumwita Chui.

Nimepeleka picha. Ni ile uliyopigwa dukani na futi shingoni, unacheka na mtu asiyeonekana.

Trela mpya bado. Labda Averuni ni mji wa mfalme tu, na yule mzee ni ombaomba kweli. Nakuahidi nitaitazama. Karimi amesema niende nikaitazame pale kwake, kwenye gunia, na wauza miraa wote wakinicheka, nimekubali. Kama mlikosea nitakuja makaburini nikuambie mlikosea, sitakupamba. Kama mlipatia pia nitakuja.

Mimi sijatulia, nami sikuahidi kutulia. Juzi nilimuuliza Karimi tena kama amenisamehe. Akasema, "Bado, Mwalimu. Uliza siku nyingine." Nitauliza siku nyingine.

Lakini wewe umesamehewa, kwa kinywa chake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu. Mungu akupe nafasi pana na hewa safi, mwanangu. Lala. Langu niachie mimi.

Baba yako